Nduma Mbele ya Mlango wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliniomba mimi kwanza. Nataka hilo lieleweke kabla sijasimulia jambo lolote lingine, kwa sababu kwa majuma mengi ndilo neno pekee nililolishikilia. Nyumba yake, iliyo kando ya ziwa upande wa Homa Bay, ilikuwa imepigwa lipu upya na kuezekwa mabati ya kijani, na akina mama wa kanisa lake walikuwa wamekubali kuja kuiombea baraka mvua ndefu zikiisha. Mbele ya mlango palibaki uwanja mtupu wa udongo mweusi uliochanganyika na kokoto za mafundi. Alisimama pale, mkono kiunoni, akaniambia, "Nyar Uriri, wewe ndiye umesomea mimea. Nitafutie maua ya kupanda hapa. Nataka mtu akiingia ajiulize kama amevuka mpaka akafika nchi nyingine."

Nyar Uriri ni binti wa Uriri. Ndivyo anavyoniita tangu nilipoolewa na mwanawe wa kwanza, kwani huku mke huitwa kwa jina la mahali alikotoka. Na ni kweli nimesomea mimea. Nina shahada ya ualimu, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha biolojia katika shule ya upili mjini Migori. Naweza kukutajia jamii ya mmea kwa kutazama mishipa ya jani lake. Nilirudi Migori nikiwa nimejaa fahari, nikafanya kile ambacho watu waliosoma hufanya wanapopewa kazi ya mikono: nilichora ramani.

Niliichora kwenye karatasi ya miraba. Niliandika helikonia, ua la ndege, krotoni za aina tatu, na mitende mifupi ambayo nilikuwa nimeiona tu katika picha za hoteli za pwani. Wauza miche wa kando ya barabara ya Isebania walikuwa na nusu ya orodha yangu, na ile nusu nyingine waliniahidi kila juma kwamba ingefika juma lijalo. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na karatasi yangu, na mahali pangu mbele ya mlango ule palikuwa pakinisubiri, au ndivyo nilivyodhani.

Yapo mambo mawili ambayo ni haki niyaseme. La kwanza ni kwamba nilikuwa na tuta la maua nyumbani kwangu Migori, nililolipanda kwa miche ya gharama, fupi mbele na ndefu nyuma, kila aina katika mstari wake. Mwalimu mwenzangu alipolitazama kwa mara ya kwanza alisema, kwa wema kabisa, "Limekaa kama wanafunzi kwenye gwaride." Sikulala vizuri siku hiyo. La pili ni kwamba mke wa shemeji yangu mdogo, anayeishi pale pale bomani kwa mama mkwe, hakuwahi kuambiwa neno kama hilo na mtu yeyote kuhusu kitu chochote alichokigusa.

Huyo ndiye Nyar Ogwedhi, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyetoka kule kwenye soko la mifugo mpakani na Narok. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza ushonaji, na sasa hushona nguo kwenye baraza la nyumba yake huku mtoto wake mchanga akilala katika beseni lililotandikwa vitambaa. Wake wa ndugu huku huitana *nyieka*, mke mwenza, kwa utani. Yeye alikuwa akiniita hivyo akicheka, kisha akibadilisha haraka na kusema "Mwalimu", kana kwamba amenikanyaga mguu. Watu walikuja kutoka Homa Bay mjini kushonewa naye. Aliweza kuweka kitambaa cha njano kando ya cha zambarau, rangi ambazo mimi nisingethubutu kuzikutanisha, na ukiona ulishangaa kwamba zilikuwa zimetengana muda wote huo.

Nilifika bomani siku moja ya Jumamosi, mvua zikiwa zimeanza kushika, nikiwa na ramani yangu ndani ya faili la plastiki. Nilimkuta Nyar Ogwedhi amechuchumaa mbele ya mlango wa mama mkwe, matope hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekwisha kulima tuta. Halikuwa la pembe nne kama langu la kwenye karatasi. Lilijipinda kama mwezi mchanga, likiushika mlango kwa mikono miwili. Kando yake, juu ya magunia yaliyoloweshwa, palikuwa na marundo ya mimea.

"Mwalimu, karibu!" alisema. "Mama alichoka kungoja, akaniambia nianze kuchimba tu. Ukija utatuonyesha."

"Naona mmeshaonyeshana," nilimjibu.

Niliyatazama marundo yale nikitafuta kosa, na mwanzoni niliyaona makosa matupu. Hapakuwa na mche hata mmoja wa dukani. Palikuwa na nduma, yaani magimbi, zenye mashina meusi, alizozing'oa kwenye kijito. Palikuwa na machipukizi ya mgomba, mafunjo ya ziwani yaliyokatwa pamoja na mizizi yake, viazi vitamu vya majani ya zambarau, na mibarika ile myekundu inayoota yenyewe kwenye jalala. Maua yalikuwa machache tu: kana za rangi ya moto, alizoziomba kwa jirani.

"Hii ni bustani au ni mboga za jioni?" niliuliza.

Alicheka. "Wewe subiri uone. Mimi nachagua majani kwanza. Maua ni vifungo, Mwalimu. Huwezi kuanza na vifungo kabla ya nguo."

Aliinuka, akachukua nduma moja kwa shina na kuisimamisha mbele ya mbarika mwekundu. Jani pana la kijani kilichokoza, lenye umbo la moyo, lililala juu ya majani ya mbarika yenye vidole vya rangi ya damu ya mzee. Kisha akasogeza funjo moja nyuma yao, na vichwa vyake vyenye nywele laini vikatikisika kwa upepo wa ziwa. Nilikuwa nimepita kando ya mimea ile maisha yangu yote. Nimeila nduma hiyo kwa chai. Na hapo, kwa nukta chache, nilijiuliza kama nimevuka mpaka.

Wivu ulinishika hapo. Nimesoma watu wakiueleza kama moto. Kwangu ulikuwa baridi, kama maji yaliyoingia ndani ya kiatu. Nilikuwa na maarifa yote kuhusu majani yale isipokuwa hilo moja alilokuwa nalo yeye, na hilo moja halikuwa katika kitabu chochote ambacho ningeweza kukiazima. Mama mkwe alikuwa ametoka na kusimama mlangoni, akimtazama Nyar Ogwedhi kwa uso ambao nilikuwa nimeuchorea ramani ili uwe wangu.

Nikaanza kuupinga mpango ule. Nilisema mbegu za mbarika zina sumu na nyumbani kuna mtoto mchanga.

"Najua," alisema. "Nitakata vichwa vyake kabla havijazaa. Mimi nataka majani tu."

Nilisema upepo wa ziwa utaipasua migomba iwe matambara.

"Ndiyo maana naiweka hapa kwenye kona ya ukuta. Upepo unatoka kule."

Majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja, na nililitoa mahali ambapo sikuwa na haki ya kulitoa.

"Na mimi nimeshapanda?" nilimuuliza.

Hakunielewa mara moja. Kwa desturi ya huku, mama mwenye boma ndiye hutoa mbegu kwanza kila msimu. Anayemfuata ni mke wa mwana wa kwanza, kisha wake wengine kwa zamu zao. Anayeruka zamu husemekana kujiletea *chira*, ile laana ya kukonda na kufifia inayompata mkosaji au mtoto wake. Katika boma letu desturi hiyo ilikuwa imelala. Mama mkwe ni mtu wa kanisa. Miaka kadhaa iliyopita alitukusanya, akaomba, akasema mvua ikinyesha kila mtu apande. Na mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote siku ile. Nilisema hadharani kwamba mahindi hayajui nani aliolewa kwanza.

"Haya si maua tu," niliendelea. Sauti yangu ilikuwa ya upole, ile ninayoitumia kumrudishia mwanafunzi karatasi iliyofeli. "Nduma ni chakula. Viazi ni chakula. Mgomba ni chakula. Mama ameshapanda yake, mimi bado. Unataka kunipita mlangoni kwa Mama mwenyewe? Na wewe una mtoto wa miezi saba?"

Aliiweka ile nduma chini taratibu. Alitazama kule barazani, kwenye beseni. Mama mkwe alinitazama mimi, akafungua kinywa, kisha akakifunga, maana si jambo jepesi kwa mama wa boma kumwambia mama wa mtoto mchanga kwamba chira si kitu, halafu mtoto apate homa.

"Basi nitangoja, Mwalimu," alisema Nyar Ogwedhi. "Utapanda lini?"

"Jumamosi ijayo."

Jumamosi hiyo nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Iliyofuata nilikuwa na mkutano wa wazazi, ambao ungeweza kufanyika bila mimi. Ya tatu sikuwa na chochote. Nilikaa Migori nikiyapalilia maua yangu ya gwaride. Kila baada ya siku mbili tatu alinitumia picha kwa simu, bila lawama: magunia yakinyunyiziwa maji, nduma zikiwa bado na jani moja, nduma zikiwa hazina jani. "Mwalimu, habari ya kazi. Tunakungoja." Nilizikuza picha zile kwa vidole na kuhesabu majani ya njano. Sitadanganya: niliyahesabu kwa raha. Ramani yangu ilikuwa bado mezani, na nilianza kufikiri kwamba mimea yake ikifa yote, mama mkwe angelazimika kunirudia.

Kisha mama mkwe akanipigia simu mwenyewe. Yeye si mtu wa simu; huishika mbali na sikio na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Nyar Uriri! Mvua ni ya nani?"

"Mama?"

"Nakuuliza, mvua ni ya nani? Imekuwa yako siku hizi? Mahindi ya majirani yamefika magotini. Ya huyu mwenzako bado iko kwa debe."

Sikuwa nimeelewa.

"Ulimwambia asikupite kupanda," alisema. "Si amekusikia? Hajapanda kitu. Hata mahindi, hata maharagwe. Nimemwambia apande, anasema, Mama, nina mtoto. Wewe ndiye umefunga shamba lake, na mvua inapita."

Nilikuwa nimeufunga mlango wa tuta la maua tu, hivyo nilidhani. Lakini neno lile halina mipaka ya tuta. Ukiliita, linashika kila mbegu ya boma. Mtu yeyote aliyezaliwa katika nyumba za huku angalijua hilo, na mimi nilizaliwa katika nyumba za huku. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu sikuwahi kuliamini, na niliokota kitu nisichokiamini nikampiga nacho mtu anayekiamini. Majira ya chakula ya nyumba nzima yalikuwa yamesimama kwa ajili ya jani moja la nduma lililolala vizuri kuliko yangu.

Nilifika asubuhi iliyofuata, ambayo haikuwa hata Jumamosi. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa kwa sababu ya mambo ya nyumbani, nami sikueleza zaidi. Nilikuwa na mfuko wa mbegu za mahindi na viatu visivyofaa. Mama mkwe hakunikaribisha ndani. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kishamba changu nyuma ya zizi, ambacho kwa miaka mingi nimekuwa nikikilimisha kwa vibarua, akanikabidhi jembe.

"Panda."

Nilipanda mistari miwili. Aliinama kando yangu, akafukia shimo moja kwa mguu, akasema bila kuniangalia, "Siku nyingine ukitaka maua, sema unataka maua. Usiwatoe wazee kaburini waje wakupiganie."

Nilifukia shimo lililofuata kwa mkono.

Tuliporudi mbele ya nyumba, Nyar Ogwedhi alikuwa amefungua magunia. Nduma kama nusu zilikuwa zimeoza. Kati ya mafunjo yalikuwa yamebaki matatu. Mibarika, ambayo haifi kwa urahisi, ilikuwa hai yote. Aliokota nduma iliyo bora kuliko zote, yenye kichipukizi kimoja cheusi kilichojikunja kama karatasi, akanipa kwa mikono miwili.

"Anza wewe, Mwalimu. Ndiyo mimi nifuate."

Nilitazama tuta. Kwa ujuzi wangu nilijua nduma inapenda pale yanapodondoka maji ya paa, na nikapiga hatua kuelekea pale.

"Hapo..." alisema, akasita.

"Sema."

"Hapo ni pazuri kwa maji. Lakini mtu akiwa getini hataiona. Mlango utaificha. Mimi ningeiweka hapa mbele, halafu nichimbe kifereji kidogo kutoka kule kwa maji."

Nilisimama na ile nduma mkononi. Ningeweza kuing'ang'ania sehemu yangu. Zamu ilikuwa yangu na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kunikataza. "Nionyeshe ni wapi hasa," nilimwambia. Alinionyesha kwa kidole, nikapiga magoti, nikapanda. Kisha nilikaa chini nikimpitishia mimea mmoja mmoja huku yeye akiipanga. Aliyaziba mapengo ya zilizooza kwa viazi vya zambarau, na mapengo yale yalionekana kama yalikusudiwa. Mikono yangu ilimsaidia, na moyo wangu uliendelea kumwonea wivu kwa kila mche. Nilitarajia kwamba nikishaungama kwa matendo, wivu ungeniachia. Haukuniachia. Ulibaki umekaa nami hapo chini, ukitazama.

Niliomba msamaha kabla ya kuondoka. Nilisema, "Nilikuchelewesha makusudi." Aliendelea kupangusa matope mikononi.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Lakini neno ulikuwa umeshalisema. Ningefanya nini?"

Mahindi yake yalitoka yakiwa mafupi, mvua zikamalizika yakiwa bado yana kiu, na mavuno yake msimu ule yalikuwa haba. Tuta lilitoka kama alivyoliona kichwani. Siku ya maombi nilikuja mapema kusaidia kupika. Akina mama wa kanisa waliingia getini kwa mstari, vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba, na wimbo ukakatika katikati. Mibarika ilikuwa imepita madirisha. Nduma zilikuwa zimetandaza majani mapana kama sinia, na kati yake kana zilikuwa zikiwaka, chache, kila moja mahali pake.

"Uuwi! Hii ni nyumba ya waziri?" alisema mmoja.

"Hii mimea imetoka ng'ambo," alisema mwingine. "Nani amewapandia?"

Nyar Ogwedhi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, mtoto mgongoni. Alisema jambo la kweli kabisa. "Wa kwanza kupanda alikuwa Mwalimu."

Wote wakanigeukia. "Si unaona!" walisema. "Mtu amesoma! Shule si bure, jamani!" Walinishika mikono. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliniita profesa. Yote niliyokuwa nimeyatamani tangu nilipochora ile ramani yalinifikia kwa wakati mmoja, mbele ya macho ya mama mkwe.

"Si mimi," nilisema. "Mimi niliichelewesha tu. Aliyechagua ni huyu."

Walicheka kwa furaha. "Sikia unyenyekevu!" alisema mwenyekiti. "Ndivyo watu wa elimu wanavyokuwa." Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunisifu, na Nyar Ogwedhi akaingia zake ndani kumimina chai.

Mwenyekiti aliinama, akashika shina la mbarika. "Profesa, nikatie hiki nikapande kwangu. Ama ni hiki kingine? Kipi kinashika?"

Ningeweza kumjibu. Jibu lilikuwa katika somo la kidato cha pili. Lakini sikujua ni kipi kingeweza kuondolewa pale bila kuliharibu tuta, na hilo alilijua mtu mmoja tu. Nikageukia mlango uliokuwa wazi, nikaita kwa sauti niliyotaka imfikie kila mtu aliyekuwa uwanjani.

"Nyar Ogwedhi! Weka birika chini, njoo. Wanaomba kukata, na mimi sijui tukate wapi."

Alitoka akipangusa mikono kwenye leso, akalizunguka tuta polepole, akalitazama lote. Kisha akaninyooshea mkono nimpitishie kisu.